Damu Imepimwa. Jina Je?

Jamaa wa mgonjwa akifika kwenye dirisha la benki ya damu, swali lake la kwanza karibu kila mara ni lile lile: "Daktari, hii damu imepimwa?" Mimi ni mtaalamu wa maabara, ila Nairobi kila aliyevaa koti jeupe huitwa daktari. Namjibu kwamba imepimwa: virusi vya ukimwi, homa ya ini aina ya B na ya C, na kaswende. Anashusha pumzi, anaenda kuketi kwenye benchi pale nje. Sikumbuki jamaa hata mmoja aliyewahi kuniuliza kama nina hakika mfuko ule unamwendea mtu wake na si mtu wa kitanda cha pili. Na katika yote niliyoyaona kwenye kazi hii, hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko virusi.

Hofu ya watu ina mizizi, wala siidharau. Mwaka 1994 watafiti walifuatilia damu katika hospitali 6 za Kenya, na matokeo yakachapishwa mwaka 2001 katika jarida la Lancet. Walikadiria kwamba katika kila mifuko 100 waliyotiwa wagonjwa, karibu 2 ingeweza kuambukiza virusi vya ukimwi, na hiyo ni damu iliyokuwa imeshapimwa ikaonekana safi. Siku hizo kila hospitali ilijitafutia wachangiaji wake, mara nyingi ndugu za mgonjwa, na kila maabara ikapima kwa vifaa ilivyokuwa navyo. Aliyeuguza mzazi miaka ile ana haki ya kuuliza swali lake mpaka leo.

Kisha ikaja tarehe 7 Agosti 1998. Bomu lililolipuliwa kwenye ubalozi wa Marekani, pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie, liliua zaidi ya watu 200 na kujeruhi maelfu. Nilikuwa bado shuleni. Mama alirudi Buruburu jioni na pamba imebandikwa kwenye mkunjo wa mkono, akatusimulia foleni za watu waliokuja kutoa damu, hakuna anayeuliza mwenzake kabila wala dini. Moyo wa watu ulikuwepo. Kilichokosekana ni mfumo wa taifa wa kuipokea damu ile, kuipima kwa kiwango kimoja na kuifikisha inakotakiwa. Huduma ya taifa ya damu ilijengwa katika miaka iliyofuata, kwa msaada mkubwa wa Marekani, ikawa na kituo Nairobi na vingine mikoani. Damu ikaanza kutafutwa kwa watu wa kujitolea, wengi wao wanafunzi wa sekondari. Ndiyo maana shule zikifungwa friji zetu hupwaya, na mwaka 2020, korona ilipowaweka wanafunzi nyumbani kwa miezi, tulihangaika sana.

Sisemi hatari ya maambukizi imekwisha. Mtu aliyeambukizwa siku chache tu zilizopita anaweza kupimwa akaonekana hana kitu, kwa kuwa kile ambacho kipimo kinakitafuta bado hakijawa kingi mwilini. Kwa hiyo yale maswali anayoulizwa mchangiaji kabla ya sindano nayo ni kipimo, na yanategemea ukweli wake. Nimeandamana na timu za kukusanya damu mashuleni, na huko nilijifunza kuangalia jambo moja dogo kabla ya jingine lolote: kiti cha mahojiano kimewekwa wapi. Kikiwa karibu na foleni, kijana wa kidato cha nne atakayeulizwa mambo yake ya ndani huku rafiki zake wakisikia atajibu "hapana" kwa kila swali. Kisogezwe nyuma ya pazia, na majibu yatabadilika. Ndivyo ilivyo pia kwa ndugu aliyeitwa kuja kurudisha damu. Ameomba ruhusa kazini Industrial Area, mamake yuko thieta, ukoo mzima unamtazama. Ataanza vipi kusema kwamba pengine damu yake isichukuliwe? Nawashukuru wote wanaokuja kwa ajili ya watu wao, lakini natamani damu iliyomo kwenye friji iwe ilifika kabla mgonjwa wake hajajulikana ni nani.

Sasa nije kwenye majina, kwa sababu hapo ndipo penye kazi yangu hasa.

Nairobi ni mji wa majina yanayojirudia. Kwa Wakikuyu mtoto hupewa jina la babu au nyanya, kwa hiyo mabinti wa ndugu wanne wanaweza wote kuwa Wanjiku. Kwa Wajaluo jina mara nyingi hufuata wakati wa kuzaliwa: Achieng wa mchana, Atieno wa usiku. Msomali wa Eastleigh hubeba jina lake, la baba na la babu, na Abdi Mohamed wawili katika wodi moja ya watoto si jambo la kushangaza. Ongeza kina Faith, Mercy na Mary wa ubatizo, na utaelewa kwa nini sampuli iliyoandikwa majina mawili bila namba ya hospitali hatuipokei, hata ikiletwa na profesa. Watoto wachanga hawana majina kabisa. Huandikwa "Mtoto wa Nyambura", na wakiwa pacha, wa kwanza na wa pili. Halafu kuna wanaoletwa na ambulansi kutoka Thika Road au Mombasa Road baada ya ajali, hawana simu wala kitambulisho: "Mwanamume Asiyejulikana". Ajali moja ya matatu inaweza kuwaleta kadhaa kwa mpigo, wote wanahitaji damu, wote wana jina moja.

Juu ya hayo kuna heshima. Mwanamke wa makamo mtaani haitwi kwa jina lake. Jirani aliyemkimbiza hospitali kutoka Umoja anamjua kama Mama Brayo, na ukimuuliza majina ya kwenye kitambulisho anabaki kutazama. Mgonjwa mwenyewe, ukimuuliza, huenda akajibu "Mama Brayo" kwa sababu ndivyo alivyoitwa kwa miaka ishirini. Tena sista kijana huona haya kumuuliza shosho aliyemhudumia wiki nzima, "Unaitwa nani?" Ataonekana hana adabu, au hamkumbuki. Basi anauliza kwa mkato: "Shosho, wewe ndiye Nyambura, sivyo?" Na shosho, ambaye hasikii vizuri na ana homa, anaitikia ndiyo. Angeulizwa kama yeye ndiye Wambui, angeitikia ndiyo vile vile.

Dawa ya jambo hili niliipata kwa sista mmoja wa wodi ya wanawake, na huwa naipeleka kila ninapofundisha. Yeye husema: "Shosho, sheria ya damu inataka nikusikie wewe mwenyewe ukitaja majina yako yote. Nitajie, tafadhali." Lawama inaenda kwa sheria, adabu inabaki mahali pake. Shosho anataja, sista anafuata kwa kidole kwenye mkanda wa mkononi, kwenye fomu, kwenye karatasi iliyofungwa na mfuko. Mwenzake naye anarudia upya, kana kwamba hakumsikia wa kwanza. Hiyo haichukui hata dakika mbili.

Niliona thamani ya dakika hizo nikiwa bado mgeni katika benki ya damu ya hospitali moja hapa mjini. Usiku mmoja sampuli ililetwa mbio kutoka leba wodi: mama amejifungua, damu haikatiki. Fomu ilijazwa vizuri, majina matatu, namba ya hospitali, sahihi ya daktari. Tyubu ilikuwa na majina yale yale. Nikapima kundi, likawa A. Zamu ile nilikuwa na mzee mmoja wa kazi ambaye sote tulimwita Mwalimu, na Mwalimu alikuwa na desturi ya kufungua rejista za nyuma hata watu wakiwa wanagonga mlango. Akalikuta jina la mama yule na namba yake. Alikuwa amepimwa kliniki ya wajawazito miezi michache kabla: O.

Simu ikalia. Daktari wa zamu alikuwa akihema.

"Mwalimu, damu yangu iko wapi? Mama anaenda!"

"Daktari, kundi halilingani na lile la kliniki. Naomba sampuli nyingine, itolewe na mtu mwingine, iandikwe hapo hapo kitandani."

"Sina wakati wa sampuli!"

"Sikukawizi. O hasi mbili za dharura ziko tayari, tuma mtu azichukue sasa hivi. Lakini hii A siitoi."

Hakupandisha sauti. O hasi, damu ambayo karibu kila mgonjwa anaweza kupewa, zilitoka na mtu akakimbia nazo, na baada ya muda mfupi tyubu ya pili ikaja. Mama alikuwa O. Tyubu ya kwanza ilikuwa na damu ya mwanamke wa kitanda cha jirani. Daktari wa mafunzo alikuwa amewatoa damu wawili kwa mfululizo, akatia tyubu zote mfukoni, akaenda kuandika majina mezani penye taa nzuri. Mama yule alitoka hospitali na mwanawe mikononi.

Jambo ambalo watu wengi, hata wahudumu, hawalitambui ni hili: vipimo vyangu vyote vilivyobaki vingekubali. Kabla ya kutoa damu tunachanganya kidogo ya mfuko na ya mgonjwa kuona kama zinapatana. Usiku ule zingepatana bila wasiwasi, A kwa A. Maabara hulinganisha mfuko na tyubu; haina njia ya kumwona mtu. Tyubu ikisema uongo, mashine zetu zote zitauthibitisha uongo ule kwa uaminifu mkubwa, na kinachobaki kumwokoa mgonjwa ni rejista ya zamani, kama ipo, au mtu mwenye kuuliza.

Na kosa la aina hiyo haliishii kwenye homa. Karl Landsteiner alieleza makundi ya damu huko Vienna mwaka 1901, na tangu hapo tunajua kwa nini baadhi ya waliotiwa damu walikuwa wakifa ghafla. Mtu wa kundi O ana kingamwili dhidi ya A na dhidi ya B, tayari zimo ndani yake, hazihitaji kuzoeshwa. Damu ya A ikiingia, kingamwili hizo zinazishika chembe nyekundu ngeni na kuzipasua ndani ya mishipa. Vilivyomo ndani ya chembe hizo vinamwagika, presha inaporomoka, figo zinaumia, mfumo wa kugandisha damu unavurugika mpaka mgonjwa anaanza kutoka damu hata palipochomwa sindano. Hauhitajiki mfuko mzima. Mililita chache zinaweza kuanzisha yote hayo, na mama aliyekuwa tayari anavuja damu asingekuwa na akiba ya kupambana nayo.

Ndiyo sababu nasimama kidete kuhusu sampuli ya pili. Mgonjwa ambaye hatuna rekodi yake anatolewa damu mara mbili, nyakati mbili tofauti, ikiwezekana na watu wawili, na kundi lisipokuwa moja tunampa O mpaka kieleweke. Nimesikia kila pingamizi. Tyubu zinagharimu, watu hawatoshi, mgonjwa anachomwa mara mbili. Yote ni kweli. Ila nimewahi pia kusikia pendekezo la kutoa tyubu mbili kwa mkupuo mmoja na kutuletea moja sasa, nyingine baada ya saa moja, ili karatasi ionyeshe nyakati mbili. Hilo nimelikataa hadharani na nitaendelea kulikataa, kwa sababu linabakiza gharama yote na kuondoa kinga yote.

Mfuko ukishafika wodini, zinaanza dakika 15 za kwanza. Joto, mapigo ya moyo na presha vinapimwa kabla, damu inaanza kushuka polepole, na mtu anabaki karibu. Dalili nyingi mbaya zaidi hujitokeza mapema: kutetemeka, maumivu ya mgongo au kifua, kuwashwa, pumzi kuwa nzito, mkojo kuwa na rangi ya chai, au mgonjwa kusema tu kwamba anajihisi vibaya na hajui kwa nini. Hiyo ya mwisho naichukulia kwa uzito sana. Sista anafunga damu papo hapo, haondoi sindano kwenye mshipa, anabadilisha mpira na kuweka dripu ya maji ya chumvi, anasoma majina upya, anamwita daktari, na mfuko unaturudia pamoja na sampuli mpya. Usitupwe. Nimeokota mifuko kwenye pipa la takataka za wodi nikitafuta jibu ambalo lilikuwa limeshamwagwa.

Usiku sista mmoja anaweza kuwa na wodi nzima mikononi mwake, na hapo dakika 15 za kukaa kando ya mtu mmoja ni ndoto. Maoni yangu ni kwamba damu isiyo ya dharura isianzishwe usiku wa manane. Mgonjwa ambaye himoglobini yake, yaani kiwango cha damu mwilini, imeshuka polepole kwa miezi anaweza kungoja kupambazuke, macho yawe mengi. Na wewe uliye na mgonjwa wako, ikiwa umeruhusiwa kuwa naye, kaa hapo. Ukiona anatetemeka usimfunike blanketi ungoje. Ita.

Kuhusu friji nitasema machache. Chembe nyekundu zinakaa kati ya nyuzi 2 na 6, na ni friji ya damu peke yake, bila soda wala chakula cha mtu. Mfuko uliotoka ukakaa nje zaidi ya nusu saa bila kutumika haurudi kuhifadhiwa. Ukianzishwa, uwe umemalizika ndani ya saa 4. Kuupasha kwenye karai la maji ya moto, jambo ambalo nimelikuta likifanywa kwa nia njema kabisa, kunaziua chembe kabla hazijafika kwa mgonjwa. Watafiti walipochunguza damu iliyokuwa ikitiwa watoto katika hospitali moja kubwa ya umma huko Pwani, matokeo yaliyotolewa mwaka 2009 yalionyesha bakteria katika karibu mifuko 9 kwa kila 100. Bakteria hawamo katika vile vipimo vinne ninavyomtajia jamaa pale dirishani. Huzuiwa na ngozi iliyosafishwa vizuri kabla ya kuchomwa, na baridi isiyokatika. Stima ikipotea, jenereta ikachelewa, mimi hufungua rejista ya joto kabla sijafungua friji.

Sasa niseme juu ya utafiti, kwa kuwa kuna utafiti uliofanywa juu ya watoto wetu na mama zetu ambao haujafika kwenye wodi zetu kama inavyostahili. Jaribio lililoitwa TRACT liliandikisha watoto 3,196 wenye upungufu mkubwa wa damu nchini Uganda na Malawi, likachapishwa mwaka 2019. Aliyeliongoza, Kathryn Maitland, amefanya kazi kwa miaka mingi hapa kwetu, Kilifi. Swali lilikuwa la kila siku wodini: mtoto mwenye himoglobini kati ya 4 na 6, lakini anapumua vizuri na ana fahamu, apewe damu mara moja? Walimgawia mmoja damu papo hapo, mwingine wakamwangalia kwa karibu na kumpa tu ikiwa hali itazidi au himoglobini itashuka chini ya 4. Baada ya siku 28, vifo vilikuwa vichache katika pande zote mbili na tofauti haikuwa ya maana. Maana yake ni kwamba katika hospitali yenye damu chache, mtoto huyo anaweza kusubiri salama iwapo kuna mtu wa kumtazama, na mfuko ukaenda kwa yule anayehema.

Sehemu ya pili ya utafiti huo ilinishangaza zaidi. Walilinganisha kiasi: mililita 20 kwa kila kilo ya uzito, au 30. Kwa jumla hakuna upande ulioshinda. Walipotenganisha watoto wenye homa na wasio na homa, picha ikagawanyika: wasio na homa walinufaika na kiasi kikubwa, wenye homa walifanya vyema zaidi na kiasi kidogo. Kipimajoto, kifaa cha bei ndogo kabisa wodini, kikawa ndicho cha kusaidia kuamua. Siku hizi fomu ya kuomba damu ya mtoto ikija bila joto la mwili na bila uzito, napiga simu. Baadhi ya madaktari hukasirika, wengine hushukuru, na mmoja aliniomba nimtumie matokeo ya utafiti wenyewe akayasome na wenzake kwenye kikao chao cha asubuhi.

Kwa mama zetu habari ni nzuri vile vile. Utafiti wa E-MOTIVE, uliochapishwa mwaka 2023, ulifanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Chini ya mama anayejifungua iliwekwa karatasi ya plastiki yenye mfuko wa vipimo, ili damu inayopotea ipimwe badala ya kukisiwa kwa macho, na tatizo likigunduliwa matibabu yote yaanze kwa pamoja: kukanda mji wa mimba, dawa za kuukaza, dawa ya kuzuia damu kutoka, dripu, na kumchunguza mama kutafuta chanzo. Hali mbaya za kutokwa na damu, kupasuliwa tumbo kwa ajili yake au kufa kwa sababu yake, zilipungua kwa asilimia 60. Ile dawa ya kuzuia damu, asidi ya traneksamiki, ilikuwa imeshapimwa kwa wanawake 20,060 katika utafiti uliotolewa mwaka 2017. Ilipunguza vifo vya kutokwa na damu, hasa ikitolewa ndani ya saa 3 baada ya kujifungua. Mimi ni mtu wa benki ya damu na ninasema kwa moyo wote: simu inayonifurahisha kutoka leba ni ile ya kuniambia mifuko niliyoandaa haihitajiki tena.

Nimalizie na jambo ambalo bado tunalipigania. Kila tukio baya la damu linapaswa kuandikwa na kuripotiwa, hata lile lililozuiwa kabla ya kumfikia mgonjwa. Uingereza wana mpango wa namna hiyo tangu mwaka 1996, na katika ripoti zao za miaka ya karibuni zaidi ya asilimia 80 ya matukio yanatokana na makosa ya kibinadamu: sampuli, majina, mfuko usio wake. Ni nchi ile ile ambayo uchunguzi wake wa Mei 2024 ulisema zaidi ya watu 30,000 waliambukizwa kupitia damu na bidhaa zake katika miongo iliyopita, na kwamba ukweli ulifichwa kwa muda mrefu. Waliofichwa ukweli walikuwa wagonjwa, na wengi walikufa hawajaambiwa.

Katika hospitali moja niliyofanyia kazi, sista aliripoti mwenyewe kwamba mgonjwa wake alipata homa na kutetemeka, akajaza fomu barabara, akaturudishia mfuko. Alichopata ni barua ya kujieleza. Habari zikaenea wodi kwa wodi kabla ya chakula cha mchana, na kwa muda mrefu baada ya hapo hatukupokea fomu yoyote. Kwenye karatasi hospitali ilionekana haina tatizo lolote. Mifuko iliendelea kwenda wodini kama kawaida, na miili ya watu haikuwa imebadilika. Kilichobadilika ni kwamba watu waliacha kusema.

Ninapofanya kazi sasa tumekubaliana kwamba fomu ya tukio la damu inaletwa kwa kamati ya damu, haipiti kwa mtu wa kuajiri na kufukuza, na mwandishi anajibiwa ndani ya wiki: tumepata nini, tutabadilisha nini. Fomu zimeongezeka, na ongezeko hilo liliwashtua wasimamizi. Mkurugenzi aliniuliza mbona tangu tuanze mpango huu matukio yamezidi. Nilimpelekea rejista ya sampuli tulizozikataa, nikamfungulia ukurasa mmoja mmoja: majina yaliyotofautiana kati ya fomu na tyubu, namba ya hospitali ya mtu mwingine, pacha waliobadilishana, wanaume wawili wasiojulikana wenye lebo moja. Akasoma kwa muda mrefu. Ameidhinisha tyubu za sampuli ya pili kwa wodi zote za ndani na leba. Idara ya dharura bado, kwa hoja kwamba kule kila kitu ni haraka, na mikanda yenye namba za pekee kwa wasiojulikana haijanunuliwa. Kikao kijacho cha kamati ni mwezi huu, na nimemwomba daktari mkuu wa dharura aje mwenyewe, na rejista nitakuwa nayo.